Nilivyoacha Kupenda Kelele za Injini

Kwa miaka mingi nilikuwa dereva wa kelele. Fuso isiyogonga kwa ukali niliiona imekufa, na fundi aliyenikabidhi gari likiwa na sauti ya upole nilimhesabu mtu aliyeninyang'anya nguvu kisha akanidai na hela juu. Imani hii sikuwa nayo peke yangu. Kaa Mitundu asubuhi ya msimu wa mavuno, malori yanapowashwa yapashe moto, utasikia madereva wakikanyaga mafuta kwa zamu na tandiboi wakisifu: "Hiyo ya leo inalia!"

Gari ninaloendesha ni Fuso ya injini 6D16, silinda 6 kwenye mstari mmoja, ujazo wa lita 7.5. Nabeba mahindi na alizeti kutoka vijiji vya huku kwenda Itigi na Singida, tumbaku ikiiva nabeba marobota, na tajiri akipata mzigo wa kusini nashuka Rungwa, Makongolosi, Chunya, hadi Mbeya. Njia ya Itigi kwa muda mrefu nimeijua kwa mchanga wake wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ya Chunya kuingia Mbeya ni mlima, na mlima ule hauna adabu kwa injini iliyofungwa vibaya.

Nguvu tulikuwa tunaitafuta hivi. Injini inawashwa, fundi analegeza boliti za pampu ya dizeli, anaisukuma kidogo upande huu, anavuta waya wa mafuta, anasikiliza. Kisha ananitazama. Nikitikisa kichwa, anasogeza tena. Nikikubali, anakaza. Kipimo cha timingi kilikuwa uso wangu.

Ikatokea pampu ikashushwa kwenda kurekebishwa mjini. Iliporudi ilifungwa kwenye gereji moja barabarani, kwa mtindo huohuo wa sikio, nami nikafurahi kwa sababu gari lilitoka likigonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo. Asubuhi starta ilikuwa ikisita na kurudishwa nyuma kabla injini haijashika. Nikiwa na mzigo, mshale wa joto ulipanda mapema. Silinda hedi ilifunguliwa, gasketi ikabadilishwa, na baada ya muda ikaungua tena. Tajiri akachoka. Akaniambia nikirudi Mitundu nimpelekee gari mzee mmoja, fundi wa enzi za Leyland na Bedford, ambaye sisi vijana tulikuwa tunampita kwa sababu kazi yake ni ya polepole na haruhusu mtu akanyage mafuta kwenye uwanja wake.

Nilipofika nikataka kumsikilizisha tatizo. Akanikatiza. "Zima, suka. Hii tutaiuliza ikiwa imelala."

Alianza kwa kufungua kifuniko cha juu na kumwambia kijana wake azungushe kranki taratibu kwa spana. Mimi nilidhani alama ya puli ikifika kwenye mshale basi kazi imekwisha. Kumbe kranki huzunguka mara 2 wakati pampu inazunguka mara 1, kwa hiyo alama ile hupita mara mbili, na ni mara moja tu ambapo silinda namba 1 inabana hewa. Ile nyingine ni zamu ya namba 6. Mzee alizishika tapeti za namba 1 kwa vidole, akazitikisa: zote mbili zimelegea, valvu zimefunga. Akaniambia nizishike na mimi. Nikazishika.

Baada ya hapo akafungua bomba la kwanza la pampu, akatoa valvu ndogo na springi yake, akarudisha kiungio na kufunga juu yake mrija mfupi wa chuma uliopindwa kuelekea chini. Mkono wa mafuta akaufunga kwa waya ukae wazi kabisa. Akapampu kwa pampu ndogo ya mkono, dizeli ikamwagika kwenye mrija, ikakingwa na kopo la maziwa. Kijana akarudisha kranki nyuma, kisha akaanza kuileta mbele, kidogo kidogo, daima kwa upande injini inaozungukia, maana gia zilizolika zina mchezo na ukipima kwa kurudi nyuma unapimia huo mchezo. Dizeli ikapungua ikawa uzi. Uzi ukakatika ukawa matone. "Polepole sasa." Tone moja likaning'inia mdomoni mwa mrija, likadondoka, na lililofuata halikuja.

Hapo ndipo pistoni ndogo ya ndani ya pampu inapofunika tundu la kuingilia mafuta na kuanza kuyasukuma kwenda kwenye nozeli. Mzee akainama kusoma mistari ya digrii kwenye puli, akafungua kitabu cha injini chenye alama za vidole vya grisi, akalinganisha. Pampu yangu ilikuwa imewahi kwa digrii 6.

Digrii 6 nikaziona si kitu. Akatafuta kipande cha boksi, akaniandikia hesabu. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kranki inapita digrii 12,000 kwa sekunde moja. Digrii 6 hapo ni nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. "Sikio lako linaweza kupima hiyo?" Sikuwa na jibu, naye hakulisubiri.

Alichonieleza baadaye, tukinywa chai, ndicho kilichonigeuza. Dizeli haina plagi ya kuiwasha. Inawashwa na joto la hewa iliyobanwa. Ukiipuliza mapema mno hewa haijapata joto la kutosha, hivyo mafuta yanalundikana, halafu yanawaka yote kwa mkupuo wakati pistoni bado inapanda. Ule mlio wa kugonga ninaousifu ni pistoni inayopigwa utosini ikiwa njiani kwenda juu. Ukichelewesha nako kuna shida zake: mafuta yanawaka pistoni ikiwa inashuka, nguvu inatokea eksozi, injini inachemka, na asubuhi unaona moshi mweupe unaouma macho. Tena pampu nyingi za aina hii zina kifaa cha uzito na springi kinachozidi kuwahisha mafuta kadiri mwendo unavyoongezeka. Kwa hiyo mtu aliyeiseti kwa sikio injini ikiwa sailensa, ameiwahisha hapo, na barabarani kifaa kinaongeza juu ya ile aliyoiongeza yeye. Jambo hili sijawahi kumsikia dereva akilizungumza, na ndilo linalomaliza magasketi.

Pampu yangu ina kibao cha Diesel Kiki, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1939 kutengeneza pampu kwa leseni ya Bosch, na Bosch wenyewe walianza kuziuza pampu za dizeli mwaka 1927. Nilikuwa nimekipita kibao hicho nikipima oili tangu nikabidhiwe gari. Watu walikaa huko wakahesabu digrii kwa digrii, nasi huku tukamaliza kwa kutikisa kichwa.

Mzee alilegeza boliti, akaizungusha pampu kidogo kufuata upande shafti yake inaozungukia, maana ukifuata unachelewesha na ukipinga unawahisha. Akakaza, akapima tena kwa tone, kwa kuwa kukaza nako husogeza. Ilikuwa bado. Akarudia. Kijana alikuwa ameshachoka na mimi nilikuwa na mzigo unanisubiri, lakini mzee hakuwa na haraka na yeyote kati yetu.

Lilipowaka nilisononeka. Injini ilikuwa na sauti nzito, ya chini, bila ile ncha niliyoizoea. Nilimwambia wazi, "Mzee, umeniulia gari." Akanijibu nikapande nalo Chunya nikiwa na mzigo, ndipo nije nimtukane vizuri.

Nilipanda. Mahali nilipozoea kusimama gari lipoe, nilipita nikiwa gia ileile niliyoanzia. Mshale wa joto ulitulia. Moshi mweusi ulikuwepo, kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi na mafuta ni yaleyale, ila haukuwa lile wingu lililokuwa likinifuata. Nilipofika Mbeya tangi lilikuwa na mafuta ambayo zamani yangeishia njiani. Madereva wenzangu wanajua maana yake: tajiri hajui yamebaki, na barabarani wanunuzi wa madumu hawakosekani. Nilimpigia simu nikamwambia. Sijui kama ni tone la dizeli lililonifundisha hilo au ni kuogopa uso wa yule mzee, lakini nilimwambia.

Siku hizi fundi akinishikia pampu naomba nione mrija. Wengine wanacheka, mmoja aliniuliza kama nimesomea VETA. Huwa nakaa pale mpaka tone la mwisho lidondoke, na akitaka kuniwashia injini ili nisikilize, namwambia asiniulize mimi, aiulize puli. Kwenye boksi langu la spana kuna mrija wangu mwenyewe, mzee alinipindia. Kijana wake naye amezidi kuwa mkali kuliko mwalimu wake. Lori likija likigonga, anamwambia dereva azime kabla hajauliza limetoka wapi.

Ninaye rafiki anayeendesha Fuso ya mwaka wa karibu na yangu, njia ya Rungwa, ambaye hajakubali. Anasema mlima niliupanda kwa sababu mzigo wa siku ile ulikuwa mwepesi, na kwamba mimi nimezeeka. Tumebishana hadi tukachosha watu. Sasa amekubali kulileta lake kwa mzee wiki ijayo, kwa masharti mawili: asiambiwe digrii zilizosomwa, na tukishamaliza tupakie magunia sawasawa, tuanze kupanda pamoja kutoka Chunya. Atakayesimama kupoza injini ndiye atakayelipa chakula Mbeya.