Mita 300 za Mkulima
Niliwahi kuombwa kuingiza mipaka ya kijiji kimoja katika kanzidata ya kijiografia, PostGIS. Nilipoilinganisha na picha ya setilaiti, mashamba ya ukingoni yalionekana kuwa ndani ya hifadhi. Afisa mmoja hakushangaa. Alikwisha kuwaita wenyeji wavamizi.

Usingizi uliponikataa, nilirejea kwenye ramani ya karatasi. Pembeni paliandikwa: Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji wa Afrika Mashariki. Mimi nilizibandika namba zake jina la WGS 84, mfumo wa setilaiti, kwa amri ya ST_SetSRID, ambayo hubadili jina tu. Nilipotaja mfumo wake wa kweli, kisha nikatumia ST_Transform, inayokokotoa namba upya, mpaka ulisogea takribani mita 300. Mashamba yakarudi kijijini.

Kosa lilikuwa langu, na kompyuta haikunionya. Ndugu msomaji, kabla hatujamwita mkulima mvamizi na kumvunjia nyumba, tuulize: mpaka huu ulipimwa kwa mfumo gani, na nani ameuhakiki akiwa amesimama shambani?