Barua kutoka Hamburg: Kabla Hujauliza Hospitali

Hamburg, Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Hongera tena kwa viza. Mama alinipigia akishangilia hata nusu ya maneno sikuyasikia, lakini furaha niliisikia yote. Baada ya hapo ukaniandikia swali moja tu: "Dada, huko hospitali nzuri ni ipi?"

Najua swali limetoka wapi. Kwetu Mombasa mtu akizidiwa, ukoo hukaa kwanza kujadili apelekwe hospitali ya Makadara au ya Aga Khan, halafu hutafutwa mwenye pesa za kutangulia. Ujerumani mambo yana mpangilio mwingine. Kwanza unachagua mfuko wa bima, kisha daktari wa mtaani kwako, na hospitali huja mwisho, mara nyingi kwa barua ya huyo daktari. Anayeanza na hospitali hujikuta mlangoni akiulizwa vitu viwili asivyokuwa navyo, kadi na rufaa. Kwa hiyo nivumilie nikuandikie kwa urefu. Soma ukiwa umetulia.

Tuanze na mfuko. Bima ya afya hapa ni lazima kwa kila mkazi. Sheria yake ya kwanza ni ya mwaka 1883, enzi za Kansela Otto von Bismarck, na msingi wake ungalipo: mfanyakazi na mwajiri wanachanga pamoja. Leo mchango wa kawaida ni asilimia 14.6 ya mshahara, nusu yako na nusu ya mwajiri. Juu ya hapo kila mfuko huongeza asilimia yake kidogo, nayo pia mnagawana. Tuseme malipo yako ya mafunzo ya uuguzi ni euro 1,400 kwa mwezi: sehemu yako ya ule mchango wa kawaida ni kama euro 102, kabla ya nyongeza. Wewe uliyezoea asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya kwetu Kenya, utashtuka ukiona hati yako ya kwanza ya mshahara. Usihuzunike. Pesa hiyo ndiyo itakayokufanya uingie kwa daktari bila mtu kukuuliza una shilingi ngapi mfukoni. Mimi nimeshaona jamaa zetu wangapi nyumbani wakikawia kwenda hospitali kwa sababu ya swali hilo, na kukawia huko kukawagharimu. Ndiyo maana jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Mifuko ya umma ni mingi: AOK, Techniker, Barmer, DAK na mingine makumi. Usihangaike kutafuta ulio "bora kwa matibabu," kwa sababu sehemu kubwa ya huduma imepangwa na sheria na iko sawa kila mahali. Tazama mambo manne. La kwanza, nyongeza yao ni asilimia ngapi. La pili, je, wana mtu wa kukuelewa kwa Kiingereza wakati Kijerumani chako bado kichanga? La tatu, wana ofisi karibu nawe, au kila kitu ni kwa simu? La nne, wanalipia chanjo za safari na vidonge vya kukinga malaria? Mifuko mingi hulipia, na wewe utakuwa mtu wa kwenda na kurudi Pwani. Wapigie simu kabla hujajaza fomu, usikilize wanavyokujibu. Usipochagua mwenyewe, mwajiri atakuandikisha anapotaka yeye. Hata hivyo hufungwi maisha: baada ya miezi 12 unaweza kuhama, na mfuko ukipandisha nyongeza yake unapata haki ya kuondoka mapema.

Mawakala wa bima ya binafsi nao watakufuata, hasa wakisikia wewe ni mgeni. Wewe uliye kwenye mafunzo ya kulipwa unaingia mfuko wa umma kwa mujibu wa sheria, basi mazungumzo yaishie hapo. Lakini jua tofauti yake, maana utaulizwa na wenzako. Bima ya binafsi hupangwa kwa umri na afya yako siku ya kujiunga, na kila mtoto hulipiwa peke yake. Kwenye mfuko wa umma, watoto, na hata mume asiye na kipato anayeishi nawe hapa, huingia chini ya bima yako bila kuongeza senti. Kijana mwenye mshahara mnono huiona ile ya binafsi kuwa rahisi, lakini akishavuka miaka 55 kurudi kwenye mfuko wa umma ni karibu muhali.

Kuna pengo moja dogo ambalo wengi hulisahau: zile siku kati ya kutua uwanja wa ndege na siku mkataba unapoanza. Zilipie bima ya safari tangu ukiwa nyumbani, na uangalie tarehe zinaungana.

Sasa daktari. Huu ndio uchaguzi wako mkubwa kuliko wa hospitali yoyote. Karibu kila mtu hapa ana daktari wake wa kawaida, mwenye chumba chake cha kazi pale mtaani, anayelijua faili lake. Mtafute wiki za mwanzo, ukiwa mzima. Baadhi watakwambia wamejaa hawapokei wapya. Usivunjike moyo, nenda kwa mwingine, tena nenda mwenyewe na kadi mkononi. Usiende Jumatano mchana, maana wengi hufunga. Ukiingia chumba cha kusubiri, salimia watu wote waliokaa, "Guten Tag," nao watakujibu, halafu kimya kinarudi. Jambo hilo lilinifurahisha sana nilipofika, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa Wajerumani hawasalimiani.

Yeye ndiye atakayekupa rufaa kwenda kwa bingwa wa macho, moyo au ngozi. Miadi ya mabingwa huweza kuchukua wiki au miezi, lakini daktari akiona ni haraka ataweka namba maalumu kwenye rufaa, na kwa namba hiyo unapiga 116117 utafutiwe nafasi. 116117 ndiyo pia namba ya kupiga usiku au wikendi, ukiwa na homa au maumivu yasiyotishia uhai. Kwa jambo la kufa na kupona ni 112, na hapo usisite hata kidogo. Dawa tangu Januari 2024 huandikwa kielektroniki: unaingia duka la dawa lenye herufi A nyekundu, unatoa kadi, unapewa. Utachangia euro 5 hadi 10 kwa dawa nyingi.

Naomba neno hili ulishike kuliko yote: ukirudi kutoka nyumbani halafu ukapata homa, hata wiki kadhaa baadaye, sentensi yako ya kwanza kwa daktari iwe "Nimetoka Kenya, naomba nipimwe malaria leo." Daktari wa hapa anaona mafua mamia kwa mamia, malaria anaiona kwa nadra. Akisikia umetoka wapi atajua la kufanya. Hamburg, kwa bahati, ni mji wa bandari kama wetu, na magonjwa yanayokuja na meli uliyajua zamani. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 hapa. Mwaka 1900 ikafunguliwa taasisi ya magonjwa ya nchi za joto, ambayo leo inaitwa Bernhard Nocht, kwa jina la daktari wa bandari aliyeianzisha. Ipo hadi sasa, juu ya kilima kinachotazama meli za mto Elbe. Ukija nitakupitisha pale.

Na hospitali uliyoiuliza? Kubwa kuliko zote hapa Hamburg ni ile ya chuo kikuu, Eppendorf, iliyofunguliwa 1889. Ni mtaa mzima, unaweza kupotea ndani yake. Lakini ukubwa usikutawale. Kwa dharura, gari la wagonjwa hukupeleka hospitali ya karibu inayoliweza tatizo lako. Kwa upasuaji wa kupangwa, uchaguzi ni wako, na swali la kuuliza ni hili: upasuaji wa aina hii mnaufanya mara ngapi kwa mwaka? Hospitali zinalazimika kuchapisha hesabu hizo. Kwa baadhi ya upasuaji sheria imeweka kiwango cha chini. Goti la bandia, kwa mfano, ni angalau 50 kwa mwaka. Hospitali ndogo inayofanya kazi moja kila siku yaweza kukufaa kuliko kubwa inayoifanya kwa nadra.

Ukilazwa utachangia euro 10 kwa siku, kwa siku zisizozidi 28 katika mwaka. Ukitaka chakula kisicho na nguruwe, sema siku ya kwanza, wanaandika. Na chakula cha jioni ni mkate, jibini na vipande vya tango, tena mapema, jua likiwa bado juu. Hapo nitakuletea wali wa nazi mwenyewe.

Mawili ya mwisho. Kadi yako inafanya kazi nchi za Umoja wa Ulaya, lakini haivuki mpaka Mombasa. Kila mwaka nunua bima ya safari za nje. Kwa kijana haizidi sana euro 20, nayo hulipia matibabu ukiwa likizo nyumbani. Pili, mfuko haulipii mazishi wala kusafirisha maiti. Ni neno zito kumwandikia mdogo wangu, lakini nimeona misiba ya Wakenya hapa na michango ya usiku kucha kwenye simu. Jiunge na chama chetu cha kusaidiana ukifika, utoe kidogo kila mwezi.

Njoo na kitabu chako cha chanjo, orodha ya dawa zako kwa majina ya kitaalamu, na majibu ya kipimo cha seli mundu, kwa kuwa kwenye ukoo wetu ipo. Ipimwe kabla hujapanda ndege.

Fomu ya mwajiri ya kuchagua mfuko isikupite. Kaa na baba leo jioni, chagueni mifuko miwili, uipigie yote kesho, kisha uniandikie umechagua upi na kwa sababu gani. Ukishaijibu barua hii, ndipo nitakutafutia daktari mtaani utakapoishi.

Msalimie mama, shangazi na majirani wote.

Dada yako akupendaye