Garissa Waliniuliza Baba Zangu

Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa. Asili yangu mimi niliisikia kwa mbali tu. Nilizaliwa Tanga, Tanzania, kwa mama Mdigo na baba Msomali, dereva wa malori aliyeondoka Garissa baada ya mtaa wa Bula Kartasi kuteketezwa kwa moto Novemba 1980. Nyumbani tulisema Kiswahili tu. Baba alifariki bila kutufundisha Kisomali, nasi hatukumwuliza.

Mwaka jana nilifunga safari. Kutoka Mombasa basi lilipita Malindi, Garsen na Hola, likafika Madogo jioni. Ukivuka daraja la Mto Tana, umeingia Garissa. Kandokando ya mto ni migomba na miembe. Ukisogea mbele kidogo, ni miiba na vumbi.

Shangazi yangu, ambaye huko huitwa eedo, alinipokea kwa anjera na chai ya maziwa ya ngamia. Binamu yangu, muuza maziwa wa Soko Mugdi, akawa mkalimani wetu. Baada ya salamu eedo aliniambia, "Haya, hesabu baba zako."

Nikataja jina langu, la baba na la babu, yale matatu yaliyomo katika pasipoti.

"Kisha?"

Nikanyamaza. Mtoto wa miaka saba aliyeketi mkekani akadakia, akayamimina majina 15 bila kusita. Niliona haya.

Elimu hiyo huitwa abtirsi. Eedo alinieleza kwamba si ya kujigamba. Mgeni akifika kisimani huulizwa baba zake, wenyeji wakajua undugu wao naye. Tena mtu akiua, watu wa nasaba yake ndio huchanga ngamia wa kulipa dia. Asiyejua baba zake atasimamiwa na nani?

Siku nne tulisoma, kila asubuhi baada ya swala. Siku nilipofika jina la 15 bila kukosea, eedo alijifuta machozi kwa ncha ya shungi, akaniita kwa jina la baba.

Sasa nawafundisha wanangu Tanga. Mdogo hukwama kwenye jina la tisa, tukaanza upya.

Ndugu msomaji, kama mzazi wako alitoka mbali na bado yu hai, mwulize leo. Mimi ilinibidi nivuke mpaka nikamwulize dada yake.