Shahanga alisomea wapi?

Haya wadau, nimerudi mjini. Wiki iliyopita nilikuwa Balangdalalu, wilayani Hanang, kwa shangazi yangu, na kesi niliyoikuta huko si ya kitoto. Binamu yangu yuko kidato cha pili, ana mbio balaa (mimi hata daladala ikiniacha siifukuzi), na kuna jamaa amemwambia aache shule aende kambini Arusha. Shangazi akanigeukia: "Wewe ndiye msomi, mwanangu, tena wa gazeti. Zungumza naye."

Dogo ana hoja. "Kaka, Shahanga alisomea wapi?" Alidhani amenimaliza, maana Gidamis Shahanga ni wa Hanang hiyo hiyo, na mwaka 1978 alitwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton akiwa na miaka 20 tu. Nikamjibu: Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Mwaka 1982 akabeba dhahabu nyingine Brisbane, mita 10,000. Fedha ilikwenda kwa Zakaria Barie, naye wa chuo hicho hicho.

Akanyamaza. Nikakolezea na Suleiman Nyambui, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kwenda El Paso, kisha akashinda mita 10,000 za vyuo vya Marekani mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya hapo akapata fedha ya mita 5,000 Moscow 1980. Nyingine ya michezo ile ni ya Filbert Bayi wa Karatu, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi Paris 2024 imepita, Tanzania haijaongeza medali ya Olimpiki. Na Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch 1974, alipomaliza mbio alifungua shule, Kimara na Kibaha.

"Sawa kaka," akasema, "lakini hao walikimbia zamani. Leo nikishinda mbio moja tu ya barabarani namwezekea mama nyumba." Nikatazama paa la shangazi. Jamani, hapo nilikosa la kusema.

Tumekubaliana amalize kidato cha nne, mazoezi yawe alfajiri, viatu juu yangu. Jana yule jamaa wa kambi kapiga simu tena. Shangazi hakupokea.