Atakayetangulia

Miaka ya sabini, gazeti likifika Tanga, wako watu walioanza na ukurasa wa mashairi kabla ya kutazama habari za mpira. Pale barazani kwetu Ngamiani nakala moja ya Mzalendo ilitosha watu wote, na aliyeisoma hakuwa yule aliyeinunua bali mwenye sauti. Shairi likisomwa ovyo, mzee mmoja fundi cherehani alilirudisha mwanzo. Siku ya Malenga Wetu, kipindi cha mashairi, redio iliwekwa dirishani, na wapita njia walisimama na baiskeli zao mpaka shairi liishe.

Shairi langu moja lilikuwa limetoka gazetini, la kuwalaumu vijana wanaokimbia jembe. Baada ya muda likatoka jibu. Mtunzi alijificha nyuma ya jina la utani, akanichambua ubeti kwa ubeti, kwa vina vile vile nilivyotumia mimi, na kibwagizo changu akakipindua kikanigeukia. Nikajibu. Akajibu tena. Wakaingia wengine, huyu wa Kigoma upande wangu, yule wa Lindi upande wake, na mhariri akawa anatupa nafasi sote. Siku moja fundi cherehani akamaliza kusoma jibu la tatu, watu wanacheka, akainuka kijana mmoja aliyekuwa amekaa mwisho wa baraza, mwembamba, shati limejaa vumbi la katani, akanishika mkono. "Ni mimi," akasema. "Beti zako nne za kwanza ziko sawa. Ya tano ulikuwa umechoka."

Tukagundua tuna jina moja. Tangu hapo tukaitana somo, na mtaa ukatuzoea hivyo: somo mwalimu na somo karani. Mimi nilifundisha shule ya msingi. Yeye alikuwa karani katika shamba la mkonge, kazi yake kuandika idadi na uzito wa marobota ya katani. Jumamosi mchana alipanda baiskeli akaja mjini, na tulikaa na birika la kahawa mpaka adhana ya Isha, mara nyingine mpaka baadaye sana.

Nataka kusema tulivyokuwa tukifanya, kwa sababu watu wakisikia marafiki wawili washairi hudhani walikaa wakisifiana. Somo alilisoma shairi langu kwa sauti mara moja bila kusema neno. Akalisoma tena, safari hii kidole gumba kikipita kwenye pingili za vidole vingine akihesabu mizani. Kisha akachukua kalamu yake ya wino mwekundu, ya ofisini kwao, akaweka nukta juu ya neno moja. Hakuandika neno jingine badala yake hata siku moja. Nukta tu, na kazi iliyobaki ilikuwa yangu.

Nakumbuka mstari mmoja niliouleta kwa furaha: Mvua imenyesha sana, mashamba yamefurika. Mizani nane kwa nane, hauna kilema. Akaweka nukta juu ya "sana". Nikamwuliza ina kosa gani. "Haina kosa," akasema, "ila imekuja kujaza kibaba. Mvua hiyo imenyesha wapi, somo?" Ilikuwa imenyesha Pongwe, na mimi niliiona kwa macho yangu. Nikaandika: Mvua imenyesha Pongwe. Lakini kina cha kati sasa ni ngwe, na ubeti wote lazima ufuate, basi usiku ule nilikesha na vitenzi vya kutendwa, apangwe, afungwe, itungwe, mpaka mke wangu akaniuliza naongea na nani. Shairi lile halikuwahi kuwa kubwa. Lakini mtu wa Pongwe akilisikia hujua kwamba mtunzi alikuwapo, na hilo ni tunda la nukta moja.

Raha ya urafiki wa namna hii sijaipata kwingine. Kuna mtu mmoja duniani ambaye unajua atasoma kila herufi, hatakuonea huruma, na wala hatafurahi ukishindwa. Tulisoma pamoja kila tulichokipata. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, tulikirudia mpaka kikaachana na jalada, na somo alikuwa na maoni yake juu ya Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho: kwamba akili zote zile zingebaki kichwani mwake, nasi tusingezisikia, kama pembeni hakuna rafiki yake Najum wa kumwuliza. Alikuwa akisema mwandishi asiye na Najum wake anaandika gizani. Nami nilikubaliana naye kabisa, na nakubaliana naye leo.

Gharama zilikuja, na hazikuwa zetu peke yetu. Baada ya vita vya Uganda sukari, sabuni na kanga vilikuwa adimu. Mtu alijipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri. Jumamosi moja nilipita kwa somo, mkewe akanipokea vizuri, akanipa kiti, halafu akaniambia, "Shemeji, wenzie wakitoka mjini wanarudi na sukari. Huyu akitoka kwako anarudi na makaratasi." Hakusema kwa ukali. Sikuwa na jibu, kwa sababu aliyosema yalikuwa kweli, na makaratasi yenyewe hayakuwa mapya: tulikuwa tunaandika nyuma ya fomu zilizotumika, kwa vile daftari nazo zilikuwa hazipatikani. Wake zetu na watoto wetu walilipia mashairi yale kwa saa ambazo tulipaswa kuwa nao. Kila nikisoma sifa za urafiki vitabuni nawatafuta watu hao wa ndani ya nyumba, na mara nyingi siwaoni.

Iko gharama nyingine, ya kuambiwa kweli. Nilitunga utenzi mrefu kuhusu ukoo wetu, kazi ya miaka. Somo aliusoma wote, akanirudishia hauna hata nukta. Nikafurahi. Akasema, "Sikuweka, maana ningeweka kila mahali. Huu usiuchapishe." Tulikaa miezi hatutembeleani. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Hatukuwa na la kusema tu. Utenzi ule uko sandukuni mpaka leo. Naamini alisema kweli, na kweli ile iliniuma, nami siwezi kuiondoa mojawapo ili nyingine ikae vizuri.

Kitabu ndicho kilichoturudisha pamoja. Alikuja na nakala ya Historia ya Kiswahili, aliyoipata kwa mtu, akaiweka juu ya mkeka bila salamu ndefu. Juu ya jalada majina mawili: Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala. Mmoja mwalimu wa Mombasa, Mwislamu. Mwingine Mgogo wa Dodoma, Mkristo, mtunzi wa Utenzi wa Enjili Takatifu na mtu wa UKUTA, chama cha washairi. Kitabu kimetoka mwaka 1977. Mnyampala alifariki 1969. Chiraghdin naye 1976. Somo aliitaja miaka hiyo kwa sauti, kama alivyotaja uzito wa marobota. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekishika kitabu mkononi, na bado kipo, tunakisoma. Akanitazama. "Atakayetangulia," akasema, "aliyebaki amalizie." Nikasema sawa. Tulikuwa vijana bado, wenye nguvu, na maneno kama hayo ni mepesi mdomoni.

Bei ya mkonge ilikuwa imeshaanguka, kamba za plastiki zimejaa duniani, na mashamba ya Tanga yakaendelea kupunguza watu. Somo alipunguzwa. Akahamia Dar es Salaam na familia, akafanya kazi za hapa na pale. Tukawa watu wa barua. Nilituma shairi, likarudi na nukta zake nyekundu, na chini yake habari za homa ya mtoto, kodi ya nyumba, na kama nimemsikia malenga fulani redioni.

Somo alifariki mwaka 1996. Baada ya arobaini binti yake mkubwa alinikabidhi furushi. Ndani mlikuwa na daftari kubwa la shamba, lenye safu za tarehe, marobota na kilo, na juu ya safu hizo, kwa mwandiko wake ulioinama, mashairi. Mengi hayakuisha. Mengine yalikuwa na ubeti mmoja wa kwanza na wa mwisho, katikati patupu. Mengine yalikuwa mistari miwili miwili tu.

Wazee wetu walikuwa na bahari inayofaa hali hiyo, takhmisa. Unachukua mistari miwili ya mwenzio, unaitangulizia mitatu yako, ubeti unakuwa wa mistari mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mwenye Al-Inkishafi, ndiye anayenasibishwa na takhmisa ya maneno ya Liyongo. Lakini Sayyid alifuata maneno ya shujaa wa zamani. Mimi nilifuata maneno ya mtu ambaye kikohozi chake nilikijua. Kila nilipoongeza mstari nilingoja, mkono umeshaacha kuandika, nikingoja kuona ataweka nukta wapi. Haikuwekwa. Hapo ndipo nilipojua nimepoteza nini, kwa maana nilikuwa nimemwachia nusu ya sikio langu, naye ameondoka nayo. Ushairi wangu mwenyewe ulisimama kwa muda mrefu. Niliweza kuhesabu mizani; nilichoshindwa ni kujua kama mstari uko hai.

Mwaka 2002 zilipochapishwa Barua za Shaaban Robert, barua za tangu 1931 mpaka 1958, nilizisoma kwa pupa, kama mtu wa Tanga yeyote anayejua kwamba Machui ndiko alikozikwa. Wengi walimtafuta mshairi ndani yake. Mimi nilimtazama zaidi mpokeaji, Yusuf Ulenge, mdogo wake, naye mwalimu. Barua za mambo ya nyumbani, kazi, magonjwa, miswada, miaka na miaka, na yeye akazitunza moja baada ya moja. Mwandishi hupewa heshima yake, na anastahili. Lakini kama Ulenge angekuwa mtu wa kuwashia moto karatasi kuukuu, tusingekuwa na kitabu. Wiki ile ile nilizitoa barua za somo nikazipanga kwa tarehe, kisha nikarudi kwenye daftari la mkonge.

Sasa kazi inakaribia kwenda kwa mchapaji. Binti alitaka majina mawili juu ya jalada, mimi nikataka moja. Akanishinda. "Baba mdogo," akasema, "baba alikuwa anasema mashairi yake yana mikono minne." Tulichoafikiana ni kwamba mistari yangu yote ipigwe hati ya mlalo, msomaji ajue nani kasema nini.

Tulibishana juu ya shairi moja tu. Lina beti saba, alilitunga miezi ile ambayo hatukutembeleana, na linanihusu mimi. Halinisifu. Anasema rafiki yake anapenda sifa kuliko shairi, na anasema kwa vina vizuri kuliko vyote alivyowahi kutunga. Binti aliliona mapema akalificha, akihofia litanivunja moyo, na hata nilipolipata alisema si lazima liingie. Nimemwambia liingie, tena mbele, ukurasa wake peke yake. Ni mojawapo ya machache aliyoyamaliza mwenyewe, na sikuliongezea hata mizani moja.