Redio ya setilaiti kwenye pikipiki, na miti ya mkono wa kushoto

Wiki iliyopita nilikuwa napanga stoo hapa nyumbani Kilifi, nikakuta boksi ambalo sijalifungua miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na redio yangu ya WorldSpace na antena yake bapa. Mwanangu akauliza, "Baba, hii ni nini?" Nikamwambia ni redio iliyokuwa inashika mawimbi kutoka angani. Akaniangalia kama mtu aliyedanganywa. Basi nimeona niandike, kwa sababu redio hii ilinifundisha kutafuta kosa kwenye programu kuliko kitabu chochote, na nusura initoe roho.

Kwa wasioijua: WorldSpace ilianzishwa mwaka 1990 na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Setilaiti yake ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998 ikawekwa juu ya ikweta, nyuzi 21 mashariki, urefu wa kilomita 36,000 hivi. Ilikuwa inazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo kwa aliye chini ilikuwa kama imetundikwa mahali pamoja. Sisi wa pwani hii tusione setilaiti ni mambo ya wenzetu tu. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri.

Sasa mimi wakati huo nilikuwa nahudumia programu za hoteli kadhaa Malindi, na nyumbani ni Kilifi. Kilomita 60 hivi kwenda, 60 kurudi, kwa pikipiki. Stesheni za FM zilikuwa zinafifia njiani, kwa hiyo nikaifunga antena ya WorldSpace juu ya tangi la mafuta, redio nikaitia kwenye begi, na waya wa spika nikaupitisha ndani ya helmeti, sikio moja tu.

Ikisimama inaimba vizuri. Tukianza kwenda, inakatika. Na redio ya dijitali haikwaruzi kama ile ya zamani inapopoteza mawimbi. Inanyamaza kabisa, halafu inarudi kama hakuna kilichotokea.

Nikaanza kutengeneza kwa kubahatisha. Kwanza nikailaumu plagi kwa cheche zake, nikabadilisha. Halafu nikailaumu waya, nikaizungushia karatasi ya aluminiamu. Halafu nikamwendea fundi wa jua kali akanikatia kibati cha kuweka chini ya antena. Pesa zilitoka, ukimya ulibaki palepale.

Ikaja Januari 2008. Wakenya hatuhitaji kukumbushwa. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na kadi za simu zilikuwa zimeadimika madukani. Kaka yangu mkubwa alikuwa anaishi Eldoret na familia yake. Simu yake haikuwa inapatikana tangu mkesha wa mwaka mpya.

Asubuhi ya tarehe 2 nilitoka Kilifi, kwa sababu hoteli moja mfumo wake ulikuwa umelala. Nilikuwa nasikiliza BBC. Nimepita Mida, nakaribia Gede, nikasikia neno Eldoret, nikasikia kanisa limechomwa na watu wakiwa ndani, na hapohapo kimya.

Nitasema ukweli. Nilichofanya ni upumbavu. Nilijua kwa mazoea kwamba katikati ya barabara redio hukatika kidogo zaidi, ingawa sikujua kwa nini. Nikasogea katikati. Macho yalikuwa barabarani lakini akili iko masikioni, inasubiri jina la mtaa. Lori lililokuwa linatoka Malindi lilinipigia honi likiwa karibu kiasi kwamba niliona mikono ya dereva kwenye usukani. Nikarudi kushoto, nikatoka nje ya lami, nikasimama kwenye mchanga. Miguu ilikuwa inatetemeka hata kuisimamisha pikipiki sikuweza, nikaiegemeza kwenye mti.

Baadaye nikaisukuma hadi mahali pa wazi, nikaiweka antena chini ardhini. Sauti ikaja mara moja, bila kukatika. Lilikuwa kanisa la Kiambaa. Nikakaa pale kama nusu saa, nimeshika helmeti, nasikiliza. Kaka alipiga simu siku tatu baadaye kwa simu ya kuazima. Walikuwa salama, wamelala kituo cha polisi na mamia ya wengine.

Mambo yalipotulia nikajiambia, wewe unaitwa mtaalamu wa kompyuta, mbona unabahatisha kama mganga? Pima kwanza. Nikaunganisha kinasa sauti kidogo na tundu la hedifoni, nikawa nasimama Tezo, Roka, Matsangoni, Mida na Gede kuandika saa. Safari tatu kwenda na kurudi. Kisha nikaandika programu fupi ya Python ya kuhesabu kila ukimya uliozidi sekunde mbili.

Jibu likanishangaza. Barabara ni ileile, miti ni ileile, lakini ukimya wa kwenda Malindi ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa kurudi. Plagi haijui unaelekea wapi! Kwa hiyo kosa halikuwa kwenye plagi wala kwenye waya.

Nikachukua kalamu. Kutoka hapa kwetu AfriStar ilikuwa upande wa magharibi, juu sana, nyuzi 67 kutoka upeo wa macho. Ukielekea Malindi, magharibi ni mkono wako wa kushoto. Na Kenya tunaendesha kushoto. Maana yake nikienda, napita chini kabisa ya miti iliyosimama kati yangu na setilaiti. Mti ulio mita 4 kutoka kwangu unaziba ukiipita antena kwa mita 9 na nusu tu, na mwarobaini wa kawaida unafika hapo. Nikirudi niko upande wa pili wa barabara, mti uleule sasa uko mita 7 na nusu, na ili unizibe lazima uipite antena kwa karibu mita 18. Hapo imebaki minazi na miembe mikubwa.

La pili ni mimi mwenyewe. Antena ikiwa juu ya tangi, nikienda Malindi bega langu la kushoto ndilo lililokaa njiani mwa mawimbi. Mwili wa binadamu umejaa maji, na mawimbi ya urefu wa sentimita 20 kama yale yanamezwa na maji. Majani mabichi nayo ni vivyo hivyo, ndiyo maana baada ya mvua hali ilikuwa mbaya zaidi.

Dawa ilikuwa ya bure. Nilihamisha antena hadi juu ya kisanduku cha nyuma, imelala bapa, mbali na mabega yangu. Ukimya ukapungua sana. Ule wa miti ulibaki, nao hauna dawa kwa upande wa msikilizaji. Marekani, Sirius na XM walikuwa na setilaiti zaidi ya moja, minara ya kurudia mawimbi mijini, na kila kipindi kilitumwa mara mbili kwa tofauti ya sekunde chache ili ukikosa hapa upate pale. Barabara yetu ilikuwa na setilaiti moja tu na miti mingi. Kwa hiyo nikajiwekea sheria: habari ikiwa muhimu, nasimama mahali pa wazi. Sijaivunja tena.

WorldSpace iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Oktoba 2008, na redio zile zikaishia kunyamaza. Siku hizi nasikiliza kwa simu, na siku mfumo wa mteja unapokatika, vijana wangu ofisini wakianza kubadilisha hiki na kile, nawauliza kwanza: unakatika ukielekea wapi? Wanadhani nina utani.

Redio nimeirudisha kwenye boksi. Mwanangu anaitaka antena, nimemwambia achukue. Kwa leo niishie hapa, tuonane wiki ijayo.