Gemu ya Familia na Mchezaji wa Kweli

Masela wa kijiweni kwetu wana neno moja la kumaliza ubishi: "Aa, hiyo gemu ya familia." Ukishaambiwa hivyo, umekwisha. Maana yake mashine uliyo nayo ni ya watoto, bibi na wageni wa sikukuu, wala si ya mtu anayejua kucheza. Hapa Kivukoni, kando ya Mto Kilombero, kashfa hiyo inaiangukia Wii tu, kwa sababu ninayoijua ipo moja, nayo ipo nyumbani kwetu.

Mjomba aliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika. Nyumba nzima inaicheza. Bibi, ambaye hata kubadilisha stesheni ya televisheni hutuma mtoto, akirusha mkono kwenye boling anaangusha pini zote, kisha anatutazama kama vile hakufanya kitu. Sasa binamu yangu anataka iuzwe, ziongezwe hela, tununue PlayStation 2 afungue kibanda cha gemu za mpira barabarani. Anasema Wii hailipi. Hapo sina ubishi, ingawa enzi za pantoni abiria walikuwa wakisubiri kuvuka, na tangu daraja lifunguliwe mwaka 2018 magari yanapita moja kwa moja. Atampata nani wa kukaa kibandani, hilo ni lake. Kinachonikera ni hoja yake ya pili: eti Wii haina cha kumpa mchezaji wa kweli.

Tumpe haki yake kwanza. Nintendo, kampuni ya Kyoto kule Japani, ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Wii iliitoa mwaka 2006 na rimoti ya kupunga hewani, makusudi ili asiyejua gemu asiogope. Zikauzwa zaidi ya milioni 100. Waliokomaa wakanung'unika, na hawakulia bure. Chukua Super Smash Bros. Brawl ya mwaka 2008. Mtu wako anaweza kujikwaa akaanguka bila kosa lako, bahati nasibu tu. Mtoto atacheka. Lakini aliyekesha akijifunza kila hatua anajiuliza, sasa nilikesha kwa nini? Wengi walibaki na Melee, toleo la mwaka 2001, na mpaka leo lina mashindano yake. Toleo la mwaka 2014 likaja bila kujikwaa.

Sasa, msomaji, twende kwenye bao. Mashimo 32, kete 64. Mtoto huanzishwa na bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, mchezo unaanza. Fundi hucheza bao la Kiswahili: nyumba ina kete sita, mashimo mawili yana mbilimbili, na kete 22 amezishika mkononi. Ananamua moja moja mpaka ziishe, ndipo aingie mtaji. Ubao ni uleule. Sijasikia mzee akisema ubao umeharibika kwa kuwa asubuhi aliucheza mjukuu wake.

Kwa hiyo mlango kuwa mpana si kosa. Kosa ni mtu aingie asikute chumba cha pili. Brawl iliweka kizingiti cha kumwangusha fundi. Lakini weka diski ya Super Mario Galaxy, ya mwaka 2007, kwenye mashine hiyohiyo. Mdogo wangu anashika rimoti ya pili, anaokota vipande vya nyota, anajiona naye yumo. Mimi naruka. Nyota 60 zinatosha kufika mwisho, na wengi huishia hapo wakiwa na furaha yao. Anayetaka kujua anaweza nini anazisaka zote 120, na akizimaliza anafunguliwa Luigi, aanze upya. Hilo ni bao la kujifunza na bao la Kiswahili katika diski moja. Nintendo imeshatoa Switch mwaka 2017 na Switch 2 mwaka 2025, na ubishi ni uleule. Mimi kipimo changu hakibadiliki: nikishindwa, nimeshindwa kwa mkono wangu au kwa bahati nasibu?

Jumamosi mjomba ataamua. Kibanda kikifunguliwa kitakuwa cha vijana wenye hela, na bibi hatakwenda kukaa kwenye benchi lao. Kama nyumba ina shida ya ada au dawa, iuzwe, nitaibeba mwenyewe mpaka kwa mnunuzi. Ila isiuzwe kwa sababu ya neno la kijiweni. Nina nyota 89, na zilizobaki zimenishinda mwezi mzima. Gemu isiyo na kitu, bwana, haimsumbui mtu hivyo.